Msiba umenikuta mbali, sina wa kulia naye

SWALI: Shikamoo Shangazi. Kaka yangu mkubwa alifariki miezi miwili iliyopita. Niko mbali kikazi, naishi peke yangu, na sikuweza kusafiri. Mazishi niliyaona kwenye simu, picha ikikatikakatika. Siku za mwanzo watu walinipigia, kila mmoja akaniambia nikihitaji chochote niseme. Sasa kimya. Kazini nikimtaja, wanabadilisha mazungumzo. Usiku nasikiliza ujumbe wake wa mwisho wa sauti, wala hauna la maana, ananidai chaja yake tu. Nimesoma kwamba huzuni ina hatua tano, hasira ikiwa miongoni mwa za mwanzo na kukubali ikiwa ya mwisho, lakini mimi leo nakubali, kesho hasira zinaanza upya. Je, naugua?
Mfiwa wa mbali

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kusikiliza sauti ya kaka yako si ugonjwa. Ila leo kabla hujalala, nakili huo ujumbe uuweke na mahali pengine. Simu hizi zinaibwa, zinaanguka majini.

Hizo hatua tano zisikusumbue. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alipoziandika mwaka 1969, alikuwa amezungumza na wagonjwa waliojua kwamba wanakufa. Hakuwa akiwapangia wafiwa ratiba. Mimi nawaamini zaidi Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, ambao mwaka 1999 walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: saa hii amezama katika msiba, saa ijayo anafua nguo na kulipa bili. Kwa hiyo siku ukijikuta umecheka, usijilaumu kwamba umemsahau.

Sasa hilo la kimya. Barua nyingi za wafiwa zinazonifikia zina maneno hayohayo, “nikihitaji chochote niseme.” Wanaoyasema hawana unafiki, lakini wanamwachia mfiwa kazi yote: ajue anachotaka, amchague wa kumwomba, kisha ameze haya. Nao huko waliko wanaona hujapiga, wanadhani umepata nafuu. Basi wewe ndiye uanze, ingawa najua si haki. Usiwaandikie wote kwa pamoja. Chagua mmoja, ikiwezekana aliyemjua kaka yako, labda rafiki yake wa siku nyingi ambaye huenda naye hana wa kumsimulia. Mwandikie hivi: “Jumapili saa moja jioni naomba nikupigie tumzungumze kaka. Sitaki ushauri, nataka kusikia habari zake ambazo sizijui.” Umetaja siku, saa na shida yako, hapo mtu anajua pa kukushikia. Akikwepa, mwandikie mwingine. Wapo wanaokupenda kweli lakini hawawezi kusikia habari za kifo, na hao waombe jambo jingine, hata kutembea nawe tu bila maneno.

Wa kazini wasikukatishe tamaa. Wengi wanaogopa kwamba wakimtaja watakuliza. Mwambie mmoja waziwazi kuwa unapenda atajwe.

Usidharau pia watu usiowajua ambao nao wamefiwa. Mjini Coventry, Uingereza, wazazi wa familia mbili walifiwa na wana wao katika hospitali moja. Kasisi kijana wa hapo, Simon Stephens, akaona wanafarijiana kuliko alivyoweza yeye kuwafariji. Mwaka 1969 ikazaliwa The Compassionate Friends, chama cha wazazi waliofiwa na watoto, na katika baadhi ya nchi ilikoenea hupokea pia waliofiwa na ndugu. Vikundi vya namna hii vipo vingi, na vingine hukutana kwa simu au intaneti. Ingia mara ya kwanza ukasikilize tu. Lakini anayedai fedha ili azungumze na marehemu kwa niaba yako, mkimbie.

Miezi miwili bado ni mapema mno. Shirika la Afya Duniani huitambua huzuni ya muda mrefu kuwa ugonjwa pale inapopita angalau miezi 6, ikiwa kali kuliko ilivyozoeleka katika jamii ya mfiwa, na kumwangusha katika maisha ya kila siku. Hiyo ina matibabu ya mazungumzo. Hata hivyo huna haja ya kusubiri ifike huko: ukikosa usingizi wiki baada ya wiki, au pombe ikianza kuwa ndiyo inayokulaza, muone daktari. Na likikujia wazo la kumfuata kaka yako, usilale nalo. Mwambie mtu saa hiyohiyo, piga namba ya dharura ya huko uliko au nenda hospitali, hata kama ni usiku wa manane.