Pampu ya maji ya kioo: sikiliza kabla hujanunua

*Nina Corolla ya mwaka 1997. Vumbi la huku Njoro halina huruma kiangazi. Nikivuta mkono wa waipa nasikia pampu ikinguruma, lakini maji yanachuruzika upande wa dereva tu na upande wa abiria ni pakavu. Fundi anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Nimsikilize?* Msomaji, Njoro

Usitoe pesa bado, ndugu. Pampu iliyokufa haingurumi. Yako inazunguka, na maji yakifika upande mmoja wa kioo, basi yamepotelea njiani au kwenye nozeli, kile kitundu kinachorusha maji kwenye kioo.

Anzia kwenye boneti. Chomoa mpira kutoka kwenye nozeli ya upande wa abiria. Mpira wa miaka hii umekauka kama tawi, kwa hiyo umwagie maji ya moto kidogo kwanza, kisha uuzungushe kwa vidole. Ukiung'ang'ania kwa koleo, shingo ya nozeli itakatika na utakuwa umejiongezea kazi. Mwambie mtu avute mkono wa waipa. Maji yakiruka kutoka kwenye mpira, nozeli ndiyo iliyoziba. Yasiporuka, fuata mpira ukirudi nyuma, na uangalie hasa mahali unapopinda karibu na bawaba za boneti. Hapo hujikunja kila boneti inapofunguliwa, na mwisho hupasuka. Tazama pia kiungo cha njia tatu kinachogawa maji kushoto na kulia. Kipande kilichopasuka kikate, uweke mpira mpya wa kipenyo kilekile cha ndani, ambacho aghalabu ni milimita 4.

Nozeli iliyoziba usiikoroge kwa sindano ukisukuma uchafu ndani, maana utarudi kuziba palepale. Ing'oe, iloweke kwenye siki usiku mmoja, kisha ipulizwe kwa upepo wa wale wanaojaza magurudumu. Baadhi ya nozeli zina vali ndogo ndani, hivyo upepo hupita upande mmoja tu, usidhani imeharibika. Pini itakufaa baadaye, kugeuza kile kijitufe cha nozeli ili maji yapige juu kidogo ya katikati ya kioo. Gari likishika kasi barabara ya Mau Summit, upepo utayashusha.

Ikiwa hata kwenye mdomo wa pampu maji ni haba, tatizo liko chini. Weka ndoo, kisha chomoa pampu kutoka kwenye kipete chake cha mpira. Tangi likimwagika kwa nguvu, njia ni safi. Likidondoka matone, kichujio kilicho kwenye kipete kimejaa tope. Chanzo chake huwa ni sisi wenyewe: maji ya mtaro, sabuni ya unga, na maji ya visima vya Bonde la Ufa yenye magadi, ambayo yakikauka huacha ukoko mweupe. Suuza tangi mara tatu. Baada ya hapo, maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa na tone la sabuni ya maji yanatosha. Sisi hatuoni haja ya zaidi.

*Hapa Kisumu usubi wa ziwani hugandamana kioo kizima jioni moja. Pampu yangu haitoi sauti yoyote, ingawa waipa zinafanya kazi. Nianzie wapi?* Msomaji, Kisumu

Anza na fyuzi. Soma kifuniko cha boksi la fyuzi, maana kwenye magari mengine waipa na pampu hutumia fyuzi moja, na kwenye mengine kila kimoja kina yake. Fyuzi ikiwa nzima, fika kwenye pampu. Mara nyingi tangi limejificha nyuma ya bampa, kwa hiyo utafungua klipu za ile plastiki inayofunika juu ya gurudumu.

Chomoa plagi ya pampu, gusisha taa ya kupimia kwenye vyuma vyote viwili vya plagi, washa swichi ya gari, kisha mtu avute mkono. Taa ikiwaka, umeme unafika na kosa ni la pampu. Isipowaka, tafuta waya uliokatika au athi (mahali waya unapofungwa kwenye chuma cha gari) iliyoshika kutu, ikwangue kwa msasa. Swichi ya usukani iache mwisho.

Pampu yenyewe igonge polepole kwa mpini wa bisibisi huku mkono umevutwa. Ikiamka, kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zimekwisha au zimekwama, na italala tena karibuni. Ukiona rangi ya kijani kwenye pini, maji yamepenya mhimili hadi kwenye mota. Kuifungua ni kupoteza muda, kwani imezibwa kiwandani.

Dukani nenda na ile ya zamani. Linganisha idadi ya midomo, unene wa shingo inayoingia tangini, umbo la plagi, na volti: ya lori ni 24, na kwenye gari lako la volti 12 itazunguka kwa uvivu. Nunua na kipete kipya. Kilowanishe kwa maji ya sabuni, usikipake grisi, maana grisi huvimbisha mpira na tangi litaanza kuvuja. Jaza maji kabla ya kujaribu, kwa sababu pampu hupozwa na maji hayo hayo, na usiishikilie zaidi ya sekunde 10 mfululizo.

*Nimebadilisha pampu yenye midomo miwili. Sasa nikiosha kioo cha mbele, maji yanaruka cha nyuma!* Msomaji, Kakamega

Ama waya mbili za plagi zimebadilishana, ama mipira kwenye midomo. Pampu ya aina hiyo huzunguka upande mmoja kupeleka maji mbele, na upande wa pili kuyapeleka nyuma. Geuza waya, au badilisha mipira kwenye midomo, lakini usifanye yote mawili. Ukijaribu cha nyuma, vuta sekunde kadhaa kabla ya kulalamika: ule mpira unapita ubavuni mwa gari zima na kwa sasa umejaa hewa.