Kuishi bila simu ya mkononi: nimejaribu, na mzigo uliwaangukia wengine

Mleta mada ameuliza kama binadamu wa leo anaweza kuishi bila simu ya mkononi, na naona wachangiaji wamegawanyika. Wapo wanaosema haiwezekani hata kidogo, na wapo wanaosema mbona babu na bibi zetu waliishi na wakazeeka vizuri tu. Mimi nimewahi kukaa bila simu kwa miezi kadhaa, kwa hiari yangu, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu; mwenye haraka aruke. Jibu langu ni kwamba inawezekana, ila mtu mmoja wa karibu yako atageuzwa kuwa simu yako, na kwa kawaida huyo mtu haulizwi kama anataka.

Nianze na hoja ya babu zetu, maana ndiyo inayorudiwa sana na ndiyo inayonikera. Waliishi, sikatai, lakini walikuwa na vya kwao. Barua zilitembea. Habari ya msiba ilipelekwa kwa telegramu. Ofisini kulikuwa na simu ya mezani, mtaani kibanda cha kutumbukiza sarafu, na ujumbe ukimpa msafiri ulifika hata kama ulichelewa. Vitu hivyo vimeng'olewa kimoja baada ya kingine huku sisi tukifurahia simu mpya. Western Union ilifunga huduma yake ya telegramu Januari 2006. India ikaifunga ya kwake Julai 2013. Mei 2022 jiji la New York liliondoa kibanda cha mwisho cha simu kilichomilikiwa na jiji. Kwa hiyo ukiitupa simu leo hutarudi kwenye maisha ya babu yako. Unabaki katikati: cha zamani hakipo, cha sasa huna.

Halafu tusijadili kana kwamba watu wasio na simu ni wa kufikirika. Shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, lilikadiria kuwa mwaka 2023 asilimia 78 ya watu duniani wenye umri wa miaka 10 na kuendelea walikuwa na simu ya mkononi. Maana yake mwaka huo zaidi ya mmoja katika kila watano hakuwa nayo, na aliishi. Ukimfuatilia mtu huyo, mara nyingi utakuta kuna mtoto wake, jirani au mwenzi ambaye namba yake ndiyo imeandikwa kila mahali.

Sasa ya kwangu. Mimi ni fundi seremala. Simu yangu janja iliangukiwa na ubao karakana, kioo kikasambaratika na bodi ikapinda. Nilipotajiwa gharama ya kuitengeneza nikasema basi, ngoja nione itakuwaje.

Siku za mwanzo tatizo ni mkono. Unaenda mfukoni wenyewe, na paja linahisi mtetemo wa kitu ambacho hakipo. Hilo linaisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Nikanunua saa ya kuvaa na saa ya kengele, namba muhimu nikaziandika kwenye daftari, vipimo vya wateja nikarudi kuviandika kwa penseli kwenye kipande cha ubao kama nilivyofundishwa na fundi wangu. Tochi, kikokotoo, kalenda, kamera, vyote vina mbadala na wala si vigumu. Anayekwambia hawezi kuishi bila simu kwa sababu ya vitu hivyo anajisingizia.

Ugumu wa kweli nilianza kuuona kwenye miadi. Zamani watu walipanga kukutana mahali fulani, saa fulani. Siku hizi hakuna anayepanga. Mtu anakwambia "nikifika maeneo yale nitakupigia", na ndiyo miadi yenyewe hiyo. Nilikubaliana na rafiki yangu twende kumwona mgonjwa, tukutane getini hospitali saa kumi. Nikafika mapema, nikakaa kwenye benchi la mlinzi nikitazama kila anayeingia. Kumbe hospitali ile ina geti la mbele na la nyuma, naye alikuwa la nyuma, simu mkononi, hana wa kumpigia. Kila mmoja wetu alisubiri weee mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Jioni akanijia nyumbani amefura. Akasema, "Wewe umejiweka huru, mimi ndiye niliyesimama juani." Sikuwa na la kujibu.

Baada ya hapo nilijifunza kupanga miadi kikamilifu: geti lipi, saa ngapi, tunasubiriana kwa muda gani, na mmoja asipotokea mwingine afanye nini. Ukiwaambia watu hivyo wanakuona una masharti kama mganga. Lakini wakizoea, wanakuja kwa wakati. Wateja wangu waliochelewa miaka yote walianza kufika saa waliyosema, kwa sababu walijua hakuna namna ya kunitumia "nipo njiani" wakati bado wapo kitandani.

Kilichonishinda kabisa kilikuwa benki. Nilikwenda na kitambulisho halisi, kadi, na sura yangu mwenyewe. Dada wa dirishani, mstaarabu tu, akakagua kitambulisho, akanitazama, akabofya kompyuta, kisha akasema, "Nitajie namba zilizoingia kwenye simu yako." Nikamwambia sina simu.

"Umeisahau nyumbani?"

"Hapana."

"Pole, umeibiwa?"

"Hapana dada, sina tu."

Akanyamaza, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akaniuliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, kisha wote wawili wakaikodolea macho ile skrini kama vile yenyewe ndiyo ingetoa ruhusa. Mfumo ulikuwa na kisanduku kimoja cha kujaza tarakimu sita, na hakikuwa na njia ya kukizunguka. Nipo mbele yao, mzima, na kitambulisho cha serikali, lakini mfumo ulikuwa unaamini laini ambayo ilikuwa kwenye droo nyumbani. Mwishoni wakanipa suluhisho: "Tuandikie namba ya mtu wako wa karibu." Ndivyo namba ya mke wangu ilivyoingia kwenye akaunti yangu kama yangu. Tangu siku hiyo nikitoa pesa yeye anajua kabla sijafika nyumbani.

Wakuu, hapa ndipo ilipo mada yenyewe. Simu ya kwanza ya kushika mkononi ilipigwa New York tarehe 3 Aprili 1973 na Martin Cooper wa Motorola, akimpigia mshindani wake Joel Engel wa Bell Labs. Ilipoanza kuuzwa miaka kumi baadaye kwa jina la DynaTAC 8000X, ilikuwa na uzito wa karibu gramu 800 na bei ya dola 3,995; unaichaji kwa muda wa saa kumi ili uongee kama nusu saa. Kifaa cha namna hiyo huwezi kukitegemea hata ukitaka. Meseji nayo ilianza kama jaribio tu: tarehe 3 Desemba 1992 mhandisi Neil Papworth alituma salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya mkurugenzi mmoja wa Vodafone huko Uingereza. Hakuna aliyeibuni meseji iwe kufuli la akaunti za watu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2017 iliiweka njia ya kutuma namba za uthibitisho kwa mtandao wa simu kwenye kundi la njia zenye masharti, kwa sababu laini inaweza kuhamishwa na tapeli akapokea yeye. Pamoja na hayo, benki, barua pepe na ofisi nyingi bado zinadai meseji. Kwa hiyo mtu akiniuliza lini simu iligeuka kuwa lazima, nitamwambia si siku ilipokuwa nyepesi au rahisi. Ni pale wengine walipoacha kukutambua kwa njia nyingine yoyote.

Nirudi kwa mke wangu, maana yeye ndiye aliyelipia huo uhuru wangu. Wateja walipata namba yake kwa majirani. Mwuza mbao akaipata. Ndugu zangu walikuwa nayo tangu zamani. Nikirudi jioni nakuta karatasi imejaa: fulani anataka mlango uongezwe upana, fulani anauliza kabati litaisha lini, mdogo wangu amepiga mara mbili hakusema shida yake. Yeye ana kazi yake na simu zake. Siku moja akaniwekea karatasi mezani akasema, "Baba watoto, leo nimepokea simu zako nyingi kuliko zangu. Huyu wa kabati ananipandishia sauti, na kabati silijui hata linavyofanana." Mdogo wangu naye nilipokutana naye akaniambia, "Kaka, ukipatwa na jambo huko karakana sisi tutajulia wapi?" Nikacheka, lakini alikuwa na hoja. Msumeno wa umeme hauna utani, na karakana mara nyingi niko peke yangu.

Kuhusu amani ya moyo ambayo wengi huisimulia, mimi niliipata kiasi. Nililala vizuri zaidi. Kazi za kuunganisha mbao, zile zinazotaka utulivu, zilinyooka kwa sababu hakuna aliyenikata katikati. Ila nisidanganye, muda niliookoa sikuutumia kusoma wala kufanya mazoezi. Niliuhamishia kwenye redio.

Kwa anayetaka kujaribu, kuna mambo ya kupanga kwanza. Kila akaunti inayokubali, iondoe kwenye meseji. Kuna programu za kompyuta zinazotengeneza namba mpya ya uthibitisho kila baada ya sekunde 30. Zinatumia siri iliyohifadhiwa pande zote mbili pamoja na saa, hazihitaji laini wala mtandao wa simu. Utaratibu wake ulichapishwa wazi tangu 2011 kwa jina la RFC 6238, kwa hiyo si uchawi wa kampuni moja. Pia kuna funguo ndogo za kuchomeka kwenye tundu la USB. Vyovyote utakavyochagua, chapisha zile namba za akiba unazopewa na akaunti ili uingie ukikwama, na uzifiche mahali salama. Benki uliza mapema kama wana kifaa chao cha kutengeneza namba, kabla hujafika dirishani kama mimi.

Simu ya zamani usiitupe. Simu za GSM, yaani zile za kawaida za kutumia laini, zilitengenezwa kuweza kupiga namba ya dharura 112 hata bila laini, na mitandao mingi inaruhusu. Lakini hakikisha ulipo wewe inafanya kazi, maana zipo nchi zilizoizuia. Ujerumani ilifanya hivyo 2009 baada ya watu kuichezea. Na namba za watu wako wa karibu zikariri kichwani, daftari linaweza kulowa.

Jambo jingine, tuache kuchanganya simu na simu janja. Wengi humu wanaosema wamechoka na simu wamechoshwa na picha, makundi na video zisizoisha. Dawa ya hayo si kuishi bila simu, ni kitochi. Kinapiga, kinapokea, kinaingiza zile tarakimu sita, chaji inakaa siku nyingi. Mimi ndicho nilichoishia nacho. Mke wangu ndiye aliyekileta, laini keshaitumbukiza, na kesho yake akanisindikiza benki kuhakikisha namba yake imefutwa kwenye akaunti yangu.

Kuna mchangiaji hapo juu ameuliza kama fundi asiye na simu hakimbiwi na wateja. Wapya wachache walinikimbia, hasa wale wa kutaka bei kabla hawajaeleza wanataka nini. Wa zamani walikuja kwa miguu, na tulielewana vizuri zaidi kwa sababu walikuwa wanaushika ubao kwa mikono yao kabla ya kusema ndiyo. Hao hata sasa nimewaomba waendelee kuja, na wengi wanakuja.