Mama mkwe hataki kiziwi aje kumfundisha mtoto

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni mwalimu wa watoto viziwi hapa Dodoma mjini, na yeye mwenyewe ni kiziwi. Barua tumezipunguza kidogo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nakaa Nkuhungu, nina mtoto wa kiume ana mwaka mmoja na miezi minne. Tulianza kushtuka maana redio ikifunguliwa ghafla hageuki ila mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu anageuka, ndo tukawa tunabishana nyumbani huyu anasikia au hasikii. Tumepima hospitali wakasema hasikii masikio yote mawili, saivi tunasubiri vifaa vya kusikia. Sasa nesi mmoja akaniambia kuna dada kiziwi amesomea ualimu, anaweza kuwa anakuja nyumbani kila wiki anacheza na mtoto na sisi anatufundisha lugha ya alama. Mama mkwe kakataa kabisa, anasema mtoto akishazoea mikono ndo hataongea maisha yake yote, yeye anataka akakatwe kaulimi kwanza kwa mzee mmoja huko Bahi. Baba mtoto kanyamaza tu, hayuko huku wala kule. Alafu nyumbani tunaongea Kigogo na Kiswahili, tukiongeza na alama si tutamchanganya? Nisaidie.
Mama wa Nkuhungu

JIBU: Marahaba mama, pole na hongera kwa kupima, wengi wanakaa mpaka mtoto anafika umri wa shule.

Naanza na la Bahi maana ndilo la hatari. Ulimi wa mwanao hauna kosa lolote. Haongei kwa sababu maneno hayamfikii, na huko kukata kunaweza kumletea kutoka damu nyingi na kidonda kuoza bure, sikio likabaki vilevile. Usimpeleke, na baba mtoto hapo asinyamaze, hilo ni la kusema yeye kwa mama yake. Na lile la sakafu msibishane tena, anageuka kwa sababu mtetemo unamfikia miguuni, hata mimi mtu akikanyaga sakafu ya mbao nageuka.

Sasa huyo dada. Mruhusu aje, tena wiki hii, msisubiri vifaa. Vifaa vikija vizuri sana mvitumie, ila vinaongeza tu sauti, kuna watoto wanafaidika sana na kuna wengine kidogo, na huwezi kujua wako yuko kundi gani mpaka muda upite, na huo muda ukipita bila lugha yoyote kichwani ndo hasara yenyewe. Wamarekani wana kanuni yao, mtoto apimwe kabla ya mwezi 1, ajulikane kwa uhakika kabla ya miezi 3, na familia ianze kupata msaada kabla ya miezi 6. Hawakuitunga hewani, utafiti wa Colorado uliotoka 1998 ulionyesha watoto waliogundulika kabla ya miezi 6 na kusaidiwa walikuwa na lugha nzuri kuliko waliochelewa, na hiyo ilionekana kwa waliotumia alama na kwa waliotumia kuongea tu. Wako ameshavuka hapo, haina shida, hujachelewa kiasi cha kukata tamaa, ila usiongeze miezi mingine.

Kuhusu mikono kuua maneno, mwambie mama mkwe hivi (kwa adabu). Kuna utafiti wa Marekani wa 2014, ni mdogo, watoto wachache tu, lakini unasema kitu: watoto viziwi wa wazazi viziwi, wamekua na alama tangu wanazaliwa, baadaye wakapandikizwa vifaa vya kusikia ndani ya sikio kwa upasuaji (sio hivi vya kuvaa), na Kiingereza chao kikaonekana kiko sawa na cha watoto wanaosikia waliokulia nyumba za alama. Alama hazikuwazuia. Upasuaji huo hata hapa upo, Muhimbili wameanza 2017, mkiambiwa anafaa msikilize wataalam, hakuna anayewaambia mchague kimoja mtupe kingine. Na kuchanganya lugha jamani, nani Dodoma hii kakua na lugha moja? Bibi anamsemesha mtoto Kigogo, mtaani Kiswahili, shule Kiingereza, mbona hatulalamiki.

Sasa labda unajiuliza huyo dada ana nini ambacho nesi au daktari hana. Nikueleze kitu kimoja tu utaona. Mama anayesikia akimpa mtoto kikombe anasema "kikombe hiki, shika kikombe" huku mtoto anaangalia kikombe, masikio yanafanya kazi yao macho yanafanya yao. Mtoto kiziwi hawezi hivo. Akiangalia kikombe hakuoni wewe, akikuangalia wewe kikombe kimepotea. Utamuona dada anakaa chini kwenye mkeka, uso kwa uso, kikombe anakileta karibu na kidevu chake, anasubiri. Anasubiri mpaka mtoto anyanyue macho, ndipo anafanya alama ya kikombe, anatulia tena mtoto arudi kukiangalia, akinyanyua macho anarudia. Wewe utaona anachelewa, mkono utakuwasha umgeuze mtoto kidevu kwa nguvu akuangalie, usifanye, dada atakuonyesha kugonga mkeka taratibu au kumgusa paja. Hakufundishwa chuoni hiyo, ameishi nayo. Vilevile atakwambia ukimbeba mgongoni mda wote haoni uso wala mikono, kwa hiyo kuna mda umgeuze mbele, na umeme ukikatika usiku tochi umulike uso wako wewe na mikono yako, sio macho ya mtoto, maana giza likiingia ndo maongezi yameisha.

Marekani zaidi ya watoto 90 kati ya 100 viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, na mimi darasani kwangu naona hivohivo, mzazi anakuja hajawahi kula meza moja na kiziwi mtu mzima. Ndo maana anaogopa. Mama mkwe wako hana roho mbaya, picha pekee aliyonayo ni ya yule wa kijijini ambaye hakupelekwa shule na hakuna aliyejua kuongea naye. Kwa hiyo siku ya kwanza hakikisha yupo, dada amuamkie, amfundishe yeye alama ya kwanza kabla yako. Akimuona mtu mzima, msomi, anachati na simu yake, anajibizana, ana mshahara wake, mjadala utapungua wenyewe. Ukinihitaji niandikie tena kama bado kagoma.

Ila na wewe muulize maswali. Amesomea wapi, ameshafanya kazi na watoto wadogo wa umri huu, nani anamfahamu. Kuwa kiziwi peke yake sio cheti, wapo viziwi wenzangu wazuri tu ambao mtoto mchanga ungewapa wangeduwaa. CHAVITA, chama chetu cha viziwi, wana matawi mikoani, waulize wanaomjua.

Na usaha ukitoka sikioni ni hospitali, sio kwa dada wala kwa mafuta ya moto.

SWALI: Mwalimu habari. Mimi ni nesi kliniki ya watoto huku Mpwapwa. Tukipata mtoto ambaye tunahisi ni kiziwi tunampa mama rufaa kwenda Dodoma, basi. Kuna fundi cherehani kiziwi hapa jirani, huwa tunamuita aje aonane na wazazi awape moyo, anaacha kazi zake anakuja bure. Juzi kasema sasa anataka posho na tumletee mkalimani. Wenzangu wamekasirika wanasema anatafuta hela kwa watoto wagonjwa. Ni haki?

JIBU: Ni haki, na wenzako waambie hao sio watoto wagonjwa. Kila anayekuja kwenye hiyo kliniki yenu analipwa, wewe unalipwa, anayeleta maboksi ya chanjo analipwa, sasa kwanini huyu peke yake aje kwa upendo? Siku aliyokaa kwenu gauni la mteja limelala. Na mkalimani mumletee kweli, sio mdogo wake wa darasa la tano, maana mama akianza kulia na kueleza mambo ya ndoa yake mtoto huyo anatafsiri nini.

Lakini mtenganishe kazi. Fundi wenu anafaa sana kumuonyesha mzazi kwamba kiziwi anakua, anaoa, anaendesha maisha, hilo hakuna daktari anaweza. Msimpe kusoma majibu ya kipimo wala kumuahidi mama chochote. Hapo mnahitaji kiziwi aliyesomea, mwalimu au ustawi wa jamii, na huyo akae mezani mnapopanga huduma, sio mmuite Septemba kwenye wiki ya viziwi apige picha na mgeni rasmi alafu mpaka mwakani. Kamati ya Marekani inayosimamia mambo ya usikivu wa watoto wachanga iliweka wazi 2013 kwamba viziwi wawemo kwenye kupanga na kuendesha hizi huduma, na kila familia ipate nafasi ya kuongozwa na kiziwi. Na sisi tuliridhia mkataba wa UN wa haki za watu wenye ulemavu 2009, ibara ya 24 inataka serikali zichukue hatua kuajiri walimu wanaojua lugha ya alama, wakiwemo walimu wenye ulemavu wenyewe. Kamuone afisa ustawi wa halmashauri na barua mkononi, uliza posho yake itoke fungu gani.

SWALI: Mimi kiziwi, kijana, natoka Kondoa. Nimemaliza form four. Nataka kazi ya kusaidia watoto wadogo viziwi na wazazi. Naanza wapi?

JIBU: Mdogo wangu, ualimu wa elimu maalumu ndo njia ninayoijua vizuri, chuo cha Patandi kule Arusha wanafundisha, angalia sifa zao za kujiunga na matokeo yako yakoje. Wakati unasubiri kaa na watoto wadogo, wa ndugu, wa majirani, kokote, jifunze mtoto wa mwaka mmoja anachoka baada ya dakika ngapi maana hilo darasani hawatakwambia. Jifunze pia kuongea na wazazi wanaosikia bila kuwagombeza, sisi tuna hasira zetu za utotoni na mama aliyepewa majibu jana hazimhusu. Na popote utakapoomba nafasi, mkalimani muombe kwenye barua ya maombi yenyewe, usisubiri siku ya usaili, utajikuta mnaandikiana kwenye karatasi na mtu anayeangalia saa.