Mpaka wa Chumba Ukigoma Dirishani

Ukiwa kwenye Revit, programu ya kuchora modeli za majengo, ukaona mstari wa mpaka wa chumba au eneo umeingia hadi kwenye kioo cha dirisha wakati uliutaka uishie kwenye lipu, au kinyume chake, usikimbilie kuuvuta kwa kipanya. Namba ya eneo itakaa sawa leo, kesho mtu atahamisha ukuta na hutakumbuka ulichezea wapi.

Mimi huanza na swali ambalo halimo kwenye programu kabisa: eneo hili linapimwa kwa kanuni ipi? Mara nyingi modeli haina kosa lolote. Kanuni ya kimataifa ya kupima maeneo, IPMS, kwa majengo ya ofisi, iliyotoka 2014 na kurithiwa na toleo la majengo yote mwaka 2023, ilitazama uso wa ndani unaochukua zaidi ya nusu ya kimo kutoka sakafuni hadi darini. Ile ya BOMA, chama cha wamiliki na mameneja wa majengo cha Marekani, nayo ina wazo kama hilo. Chukua dari ya mita 2.7. Nusu yake ni 1.35, kwa hiyo kioo chenye kimo cha mita 1.4 kinaushinda ukuta, na kipimo kinafika kwenye kioo. Pandisha dari hadi mita 3: nusu inakuwa 1.5, ukuta unashinda, mpaka unarudi ndani. Na hakuna aliyegusa dirisha! Likiwa na upana wa mita 1.8, na kioo kimekaa sentimita 20 nyuma ya uso wa ndani wa ukuta, hapo zimeyeyuka mita za mraba 0.36. Kwa madirisha 40 ya namna hiyo ni mita za mraba 14.4, yaani chumba kizima.

Kanuni ikishajulikana, ndipo ufungue mipangilio. Katika Revit, chumba na eneo ni vitu viwili tofauti, ingawa watu huvichanganya kila siku. Chumba hufuata ukuta: unachagua mpaka upite kwenye uso wa umaliziaji, katikati ya ukuta, kwenye kiini (tabaka kuu la ukuta, bila umaliziaji) au katikati ya kiini, na dirisha la kawaida haliusogezi. Eneo huchorwa kwenye plani ya maeneo, nayo ndiyo yenye kanuni zake za kupima, tena ziwe zimewashwa wakati wa kuweka mstari kwa kuchagua ukuta. Mstari uliouchora kwa mkono unabaki pale pale ulipouchora.

Kuna na suala la kimo. Ukiwa na ukuta mfupi wa mita 0.9 na juu yake ukuta wa vioo, programu inasoma mpaka kwa kimo kimoja tu. Kikiwa sifuri, inauona ukuta wa chini. Kikiwa mita 1.2, inaona vioo. Kata seksheni (mwonekano wa jengo likiwa limekatwa wima), bofya mstari wa leveli, yaani wa ghorofa, utakikuta kimo hicho kwenye sifa zake. Ila ukikibadilisha, vyumba vyote vya leveli hiyo vinakokotolewa upya, kwa hiyo chapisha jedwali la maeneo kwanza ulinganishe.

Mstari wa kutenganisha vyumba, ule unaouchora mwenyewe pasipo na ukuta, uuache uwe suluhisho la mwisho kabisa, na usiulaze juu ya ukuta. Programu itakupigia kelele za maonyo.