Umenyimwa tenda kwa njia isiyo sawa? Anza kuhesabu siku leo

Kama ile barua ya "tunasikitika kukujulisha" imeingia kwa imeli yako leo, kabla hujampigia mtu yeyote simu chukua kalenda, andika tarehe ya leo, alafu hesabu siku 14 kuanzia kesho. Na wikendi zinahesabiwa. Ukiipita hiyo tarehe, hata kama umedhulumiwa mchana kweupe, Bodi inayosikiza rufaa za tenda za serikali haitakusikiza. Najua manake yalinipata.

Mimi na shemeji yangu tuna kampuni ndogo ya usafi hapa Mombasa, tuna cheti cha AGPO, zile asilimia 30 za tenda za serikali zilizotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mara ya kwanza tuliponyimwa tenda ambayo tuliamini ni haki yetu nilifanya kile wengi wetu hufanya, nikaandika barua ya heshima kwa ile taasisi, nikaipeleka kwa mkono wangu, wakaigonga muhuri wa kupokea, nikaambiwa nisubiri mkubwa atajibu. Nikasubiri. Jumatatu napiga simu naambiwa mkubwa yuko mkutanoni, Alhamisi napiga naambiwa faili iko kwa wakili. Jibu lilikuja siku ya kumi na sita, mistari mitatu tu, mkataba umeshatiwa saini. Na kwa sheria yetu ya Kenya, mkataba ukishatiwa saini kihalali baada ya zile siku 14, Bodi haina tena uwezo wa kuugusa. Shemeji alisoma ile barua mara mbili akaikunja akaniwekea mezani bila kusema kitu, tulikuwa tumeshawaahidi kazi kina mama kumi na mmoja.

Kwa hivyo nasema tena, barua ya malalamishi kwa taasisi haisimamishi chochote. Kinachosimamisha ni ombi la rufaa likipokelewa na Bodi, ile PPARB iliyoko Nairobi. Katibu wa Bodi akishaiarifu ile taasisi, mchakato wote wa tenda unaganda hapo ulipo mpaka kesi iamuliwe, na Bodi imepewa siku 21 tu kuamua. Ukitaka kuandika barua kwa taasisi andika, omba muhtasari wa tathmini maana una haki ya kuuomba, lakini usikae ukiungoja huku siku zinaenda.

Mara ya pili ilikuwa taasisi nyingine, tenda ya usafi pia. Barua ikaja inasema tumeondolewa kwa sababu hatukuambatisha bima ya WIBA, ile ya kuwalipa wafanyakazi wakiumia kazini. Nikashangaa, manake kurasa zote za tenda yetu nilizigonga namba mimi mwenyewe usiku, kile kimashine cha wino mwekundu, kurasa 118, na bima nakumbuka niliigonga kwa sababu karatasi yake ni ngumu na wino ulikataa kushika mara ya kwanza nikarudia juu yake. Nikafungua nakala yetu. Ukurasa wa 63, namba iko mara mbili, moja hafifu moja nzito.

Hapo ndipo nikajua tuna kesi. Sio kwa sababu nilikuwa na hasira, hasira nilikuwa nayo hata ile mara ya kwanza. Watu hunipigia simu wananiambia aliyeshinda ni mtu wa nyumbani kwa mkubwa, kila mtu anajua. Inawezekana ni kweli na inauma sana, ila Bodi itakuuliza ni kifungu gani kimevunjwa na ushahidi uko ukurasa gani. Katiba kifungu cha 227 inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wenye ushindani na usiopoteza pesa, na sheria ya ununuzi ya 2015 kifungu cha 80 inasema tathmini ifanywe kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye karatasi za tenda, sio vingine. Sasa chukua zile karatasi za tenda uweke kando ya barua uliyoletewa, sababu waliyokupa iko kwenye vigezo au wameitoa hewani? Na kama hawajakupa sababu yoyote, wameandika tu "haukufaulu", hiyo pekee ni hoja, kifungu cha 87 kinawataka wakuambie kwa nini na nani ameshinda.

Lakini kama kweli hukuweka ile karatasi, na ilikuwa ya lazima, tafadhali usiende. Hakuna wakili atakayekutoa hapo na utapoteza pesa bure. Ada ya kufungua ombi inategemea thamani ya tenda, uliza kwanza ni ngapi, alafu kuna wakili. Sisi tulimpata dada mmoja ambaye kazi yake ni hizi kesi za tenda tu na nashukuru tulimlipa, kwa sababu alitushikia mambo mawili ambayo mimi nisingeyajua. Moja, ombi lazima liseme wazi kwamba umepata hasara au uko kwenye hatari ya kuipata kwa sababu ya ule uvunjaji wa sheria, Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2019 kwamba usipolitaja hilo huna hata mguu wa kusimamia. Pili, usiishtaki taasisi peke yake, mtaje afisa mhasibu wake (accounting officer, yaani mkuu wa taasisi, sio karani wa hesabu), na mtaje pia aliyepewa tenda. Kuna maombi yanatupwa kwa sababu hiyo tu, ndani yake kuna dhuluma ya kweli na hakuna anayefika kuisoma.

Taasisi ikishaarifiwa inatakiwa ipeleke kwa Bodi faili lote la tenda, pamoja na zile nakala halisi mlizoleta siku ya kufungua. Wakili wao alishikilia kwamba bima haikuwepo. Bodi ikasema itaangalia yenyewe, na kwenye uamuzi wakaandika kwamba wameiona, ukurasa wa 63. Barua ya kutukataa ikafutwa, barua ya mshindi ikafutwa, taasisi ikaamriwa irudishe tenda yetu kwenye tathmini pamoja na zile nyingine zilizofika hatua hiyo.

Elewa hapo, Bodi haikutupa tenda, iliturudisha kwenye mstari. Ndio maana siku ya kufungua tenda mimi huenda na daftari, bei husomwa kwa sauti mbele ya watu na naandika za kila mtu. Nilijua sisi ndio wa chini, kwa hivyo tathmini ikienda sawa ni yetu. Kama wewe ni wa nne kwa bei fikiria vizuri kabla ya kuingia gharama. Na usisherehekee mapema, asiyeridhika ana siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, nayo ina siku 45 kuamua. Kwetu hakuna aliyeenda, tukapata barua, tukaanza kazi.

Najua kile mnachoogopa, nimeulizwa na watu wengi, ati ukiwapeleka kwa Bodi watakuweka kwenye orodha hutapata tena kazi kwao. Tangu wakati ule tumeomba tenda mbili hapo hapo, moja tukakosa kwa bei na moja tukapata.

Siku hizi kabla ya kufunga bahasha shemeji hushika simu anarekodi, mimi nafunua ukurasa mmoja mmoja nikisoma namba kwa sauti, mpaka wa mwisho. Inachukua kama dakika kumi hivi.