Sencha yangu imekuwa chungu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ni mchuma chai hapa Fort Portal, Uganda. Mgeni kaniachia paketi mbili za chai ya kijani kutoka Japani, sencha na gyokuro. Sencha nimeichemsha na maziwa na tangawizi, ikawa chungu kama mwarobaini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maziwa! Nimecheka hadi jirani kaja kuuliza. Mmea ni uleule unaouchuma wewe. Ila Wajapani huyapitisha majani kwenye mvuke mara tu yanapochumwa, yasigeuke meusi. Usiyachemshe. Acha maji yapoe hadi nyuzi 70 au 80, mimina, subiri dakika moja, unywe bila maziwa wala sukari. Sencha hulimwa sana Shizuoka na Kagoshima.

Gyokuro ndiyo ya kufichia wageni. Vichaka hufunikwa kivuli wiki tatu hivi kabla ya kuchuma, majani yakapata utamu mzito. Ulimini mwangu ni kama supu ya samaki. Inasifika ile ya Uji, karibu na Kyoto, na ya Yame mkoani Fukuoka. Maji yake yapoe zaidi, nyuzi 50 hadi 60. Huna kipimajoto? Shika kikombe: kisipokuunguza, mimina.