Leteni na spea

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: makampuni yafanye nini zaidi kuwasaidia wazee na watu wenye ulemavu mitaani kwetu? Mimi ningeyaomba yapunguze kugawa vitu. Yakishindwa kujizuia, basi yaje na spea.

Jirani yetu hapa Mbagala, mama mtu mzima aliyekatwa mguu kwa kisukari, alipewa kiti mwendo kwenye hafla ya kampuni moja. Turubai lilifungwa, fulana zikagawiwa, mgeni rasmi akahutubia, na ile hundi ya kadibodi ikapigwa picha. Kiti chenyewe kilikuwa kinang'aa. Ila magurudumu ya mbele ni yale madogo ya plastiki ngumu, ya kutembelea kwenye vigae vya hospitali, na mchanga wa huku uliyameza siku ya kwanza tu. Haikupita miezi mingi beringi zikafa. Fundi baiskeli wa pale kona, ambaye si mtu wa kushindwa, alitafuta saizi yake hadi Kariakoo akakosa. Mwisho akachomelea magurudumu ya toroli. Sasa kiti kinakwenda, ila kinavuta kushoto na mama hawezi kujisukuma mwenyewe. Anamsubiri mjukuu atoke shule. Kwenye ripoti ya kampuni, bila shaka, huyu ameshasaidiwa.

Msaada wa namna nyingine upo, tena hapahapa nchini. Kule Moshi, hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, kwa sababu saratani ya ngozi imewamaliza wengi wao mapema. Kampuni ya kemikali ya Ujerumani, BASF, inachangia malighafi na utaalamu wake, na mafuta yanachanganywa Moshi kisha yanawafikia watu pamoja na huduma za kliniki. Mwenye ualbino anapaka mafuta kila siku ya maisha yake. Chupa moja ya siku ya hafla itamfikisha wapi?

Au hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam. Upasuaji wa fistula, lile jeraha la uzazi linalomfanya mama avuje mkojo, ulikuwa bure, lakini wanawake wa mikoani walikuwa hawafiki kwa kukosa nauli. Mwaka 2009 hospitali ikaanza kutuma nauli kwa M-Pesa ya Vodacom: pesa inaingia kwenye simu ya balozi wa kujitolea wa hospitali, naye anamkatia mgonjwa tiketi ya basi. Hakuna bango lililohitajika.

Wazee wetu wamekwama palepale kwenye nauli. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na dirisha la wazee hospitalini lipo. Kulifikia ndiyo kazi. Mwenye magoti mabovu hapandi bodaboda, anataka bajaji, kwenda na kurudi, kila tarehe ya kliniki ya presha. Kampuni ikilipia bajaji hizo kwa kata moja tu, mwaka mzima, itakuwa imefanya kubwa kuliko mchele wa Idi na Krismasi. (Mchele tutaupokea, tusidanganyane.)

Halafu kuna ajira, ambayo kwenye hafla hizi haitajwi kabisa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Mgeni rasmi akimaliza kupigiwa makofi, mtu amuulize bosi kwake wako wangapi, na kama ofisini kwake kiti mwendo kinapita mlangoni.

Nanyi wahariri, mkialikwa tena kwenye makabidhiano, ombeni orodha ya waliopewa viti miaka mitatu iliyopita. Chagueni nyumba tano, mwende mkahesabu vinavyotembea, na hiyo ndiyo mtuandikie.